Mwongozo kamili: Jinsi ya kusoma bima ya makosa ya kitabibu na kujua isichokulipia

Kila mwisho wa mwaka, msimu wa kuhuisha leseni, simu yangu hujaa picha za vyeti vya bima. Picha moja, ukurasa mmoja, muhuri mzuri, na swali lilelile: "Hapa niko salama?" Sijawahi kulijibu swali hilo, kwa sababu cheti hakisemi. Cheti kinathibitisha kwamba umelipa, basi. Mambo ambayo kampuni haitayalipa yamo kwenye kurasa nyingine nyingi ambazo wengi hawakuwahi kuzipokea. Na waliozipokea wamezisoma kwa mtindo mmoja: waliruka moja kwa moja hadi orodha ya visivyolipwa, wakakuta vita, nyuklia na ulevi, wakafunga karatasi wakisema hayo hayanihusu.

Hapo ndipo wanapokwama. Madai mengi niliyoyaona yakikataliwa hayakuangushwa na orodha hiyo. Yaliangushwa na tarehe, na maana ya neno moja, na jina lililokosekana, au na jambo ambalo daktari mwenyewe alilifanya siku tatu baada ya tukio akidhani anafanya uungwana.

Mwongozo huu ni wa Kenya: madaktari, maafisa wa kliniki, wauguzi na wenye kliniki ndogo. Ukiwa Tanzania au Uganda hatua ni zilezile, ila majina ya sheria na mabaraza utayabadilisha mwenyewe. Na ukishapokea barua ya wakili wa mgonjwa, usianze na hatua ya 1. Ruka hadi ya 8.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Mkataba wote wa bima, si cheti. Uwe na ukurasa wa jedwali (ule wenye tarehe zako na huduma zilizofunikwa), maana ya maneno, masharti, na kila nyongeza iliyotiwa baadaye.
- Nakala ya fomu ya maombi uliyoijaza siku ya kwanza, na zile za kuhuisha kila mwaka.
- Mikataba ya zamani, hasa kama uliwahi kuhama kampuni.
- Leseni yako ya mwaka, leseni ya kliniki, na leseni za kila anayegusa mgonjwa.
- Karatasi yenye orodha ya kila huduma mnayotoa kwa kweli. Usiandike ile iliyoko kwenye bango la nje. Andika inayofanyika ndani.
- Kalamu za rangi tatu na daftari.
- Saa tatu bila simu. Ukigawa kazi hii vipande vya dakika kumi kati ya wagonjwa, utasahau ulichosoma mwanzo kabla hujafika mwisho.

## Hatua ya 1: Pata mkataba mzima

Mwandikie broka au kampuni, kwa barua pepe, uombe "mkataba kamili pamoja na nyongeza zote na nakala ya fomu yangu ya maombi". Usipige simu tu. Barua pepe ina tarehe, na tarehe utaihitaji.

Kwa nini fomu ya maombi? Kwa sababu ndiyo msingi wa mkataba. Kama uliandika kwamba huzalishi na kumbe mna chumba cha kujifungulia, kampuni haitahitaji hata kufungua orodha ya visivyolipwa. Itasema ilidanganywa tangu mwanzo. Na mara nyingi anayejaza fomu si daktari. Ni karani wa kliniki au kijana wa broka, kwa haraka, akiweka "hapana" kila mahali ili bei ishuke. Sahihi ya chini, hata hivyo, ni yako.

Tahadhari: ukigundua kosa kwenye fomu, lirekebishe leo kwa maandishi. Kosa lililosahihishwa kabla ya dai kwa kawaida hugharimu nyongeza ya malipo. Likigunduliwa baada ya dai, linaweza kugharimu kliniki.

Utajua umefaulu ukiwa na kurasa zote zenye namba zinazofuatana, na kila nyongeza iliyotajwa kwenye jedwali iko mkononi.

## Hatua ya 2: Anza na maana ya maneno

Ruka kila kitu, nenda sehemu inayoeleza maana ya maneno. Ni ya kuchosha, najua. Lakini shimo la kwanza liko hapa, na halina kichwa cha habari cha kukuonya.

Tafuta maneno matatu na uyapigie mstari.

Huduma ya kitabibu. Mikataba mingine husema ni huduma zilizotajwa kwenye jedwali pekee. Sasa angalia jedwali. Kama limeandika "daktari wa kawaida, bila upasuaji", basi tohara unayofanya Jumamosi haimo. Hakuna mahali pameandikwa "hatulipi tohara". Haikuingia tu.

Mwenye bima. Ni wewe binafsi, au ni kliniki, au wote wawili? Mgonjwa akishtaki kliniki na bima ni ya daktari peke yake, kliniki iko uchi. Kinyume chake pia ni kweli. Wakili wa mgonjwa kwa kawaida hushtaki wote pamoja, kwa hiyo usitegemee bahati.

Dai. Kwa baadhi ya kampuni, dai ni barua ya kudai fidia au kesi mahakamani. Malalamiko yaliyopelekwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari Kenya, na kusikizwa na kamati yake ya nidhamu hayahesabiwi kuwa dai la fidia. Gharama ya wakili mbele ya baraza mara nyingi hulipwa tu kama kuna nyongeza inayosema hivyo, na ikilipwa huwa na kikomo chake kidogo. Kwa daktari wa kawaida, uwezekano wa kuitwa na baraza si mdogo, na kinachoshikiliwa pale ni leseni yenyewe. Kama kuna nyongeza moja tu ya kuinunua, nunua hiyo.

## Hatua ya 3: Chora mstari wa tarehe

Chukua karatasi uilaze, chora mstari mrefu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wazima wenye shahada hupotea.

Kuna aina mbili za bima hii. Ya kwanza hufuata tarehe ya tukio: kama ulimtibu mgonjwa wakati bima iko hai, umefunikwa hata akidai baada ya miaka mitano na bima ikiwa imekwisha. Ya pili hufuata tarehe ya dai: bima lazima iwe hai siku dai linapoletwa na kuripotiwa. Bima za taaluma kwa kawaida ni za aina hii ya pili. Na aina hii huja na tarehe nyingine kwenye jedwali, tarehe ya nyuma, ambayo kazi yoyote iliyofanywa kabla yake hailipiwi.

Weka kwenye mstari wako alama nne: siku uliyoanza kazi binafsi, siku ya bima ya kwanza, tarehe ya nyuma iliyoandikwa kwenye mkataba wa sasa, na siku bima inapoisha.

Tuchukue mfano. Sista mmoja mwenye kliniki Mtwapa alinunua bima tarehe 1 Februari 2022, akahuisha kila mwaka. Mwaka 2025 akapata kampuni ya bei nafuu, akahama tarehe 1 Februari. Kampuni mpya ikaandika tarehe ya nyuma kuwa 1 Februari 2025. Hakuliona hilo, aliona bei. Mei 2025 ikaja barua: mgonjwa wa Agosti 2023 anadai sindano ilimharibu mshipa wa fahamu wa mguu. Kampuni ya zamani inasema dai limekuja muda wake ukiwa umekwisha. Kampuni mpya inasema sindano ilichomwa kabla ya tarehe ya nyuma. Miaka mitatu amelipa bila kukosa, na kwa sindano ile hana bima.

Kilichotakiwa kilikuwa sentensi moja kabla ya kuhama: "Naomba tarehe ya nyuma iwe 1 Februari 2022." Kampuni nyingi hukubali ukionyesha mikataba ya zamani isiyo na pengo, pengine kwa kuongeza malipo kidogo. Lakini huulizi, hupewi.

Tatizo lilelile linamngoja anayestaafu, anayefunga kliniki au anayehamia Ughaibuni. Ukiacha kulipa, madai ya kazi ya zamani hayana pa kwenda. Omba kununua kipindi cha ziada cha kupokea madai. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, kwa kawaida humpa aliyeumia miaka 3 kufungua kesi ya uzembe, lakini ina vifungu vinavyoiruhusu mahakama kuongeza muda pale mtu alipokuwa hajui mambo muhimu ya kesi yake. Pamba iliyosahaulika tumboni haitoi taarifa kwa kalenda ya bima. Kwa hiyo usinunue kipindi cha siku 60 ukadhani umemaliza.

Kuna na lile la "ulilokuwa ukilijua". Ikiwa siku ya kuhuisha bima ulikuwa ukijua kuna mgonjwa aliyeumia na familia imekasirika, na hukusema, dai hilo halitalipwa na mkataba mpya. Neno linalotumika kwenye mikataba ni pana kuliko dai: ni hali yoyote ambayo mtu wa kawaida wa taaluma yako angeona inaweza kuzaa dai. Iripoti kwenye bima iliyo hai sasa, hata kama hakuna barua. Ukiripoti leo, dai likija miaka miwili baadaye kwa kawaida huhesabiwa kana kwamba lilikuja leo.

Utajua umefaulu kama mstari wako hauna pengo hata la siku moja kati ya bima ya kwanza na ya sasa, na tarehe ya nyuma inalingana na siku uliyoanza kazi, au angalau siku ya bima ya kwanza.

## Hatua ya 4: Linganisha orodha yako na jedwali

Chukua ile orodha ya huduma mnazotoa kwa kweli. Kwa kila moja uliza: imo kwenye jedwali? Anayeifanya ana leseni ya kuifanya? Jina lake limo?

Huduma zinazokosekana mara kwa mara ni kuzalisha, nusu kaputi, tohara, sindano za urembo usoni, kung'oa meno, na picha za mawimbi ya sauti kwa wajawazito. Bima hugawa kazi kwa hatari, na uzazi na upasuaji huwa na bei ya juu. Ndiyo maana watu huviacha nje ya fomu, kisha huvifanya.

Leseni ni kigingi kingine. Kazi iliyofanywa bila leseni halali, au nje ya mipaka ya leseni, hailipwi karibu na kampuni yoyote. Leseni iliyoisha Desemba na kuhuishwa katikati ya Februari inaacha wiki sita ambazo kila mgonjwa uliyemgusa hana bima nyuma yake. Muuguzi akifanya kazi ya daktari kwa maagizo ya simu, naye amekuhamisha nje ya mkataba bila kukusudia.

Na majina. Nimewahi kukaa na mwenye kliniki aliyekataliwa dai kwa sababu daktari wa zamu ya usiku alikuwa lokamu, yaani daktari wa kujazia zamu, wa siku mbili, ameletwa na rafiki, hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi na bima yake mwenyewe imekwisha. Dhima ya kliniki kwa watu wa kupita huhitaji kutajwa waziwazi. Tengeneza sheria ya nyumba: hakuna lokamu anayevaa glavu kabla ya kuacha nakala ya leseni na ya bima iliyo hai mapokezini.

Angalia na mipaka ya nchi. Mkataba husema ni madai ya wapi yanalipwa, na kesi ya mahakama ya nchi gani. Wengi humhudumia mgonjwa kwa video, na mgonjwa huyo anaweza kuwa Arusha, Muscat au Minnesota. Kesi za Marekani na Kanada hutengwa na mikataba mingi kwa jina, kwa sababu fidia za huko ni kubwa. Kumshauri shangazi wa mtu aliyeko Minneapolis juu ya dawa ya shinikizo la damu kunaweza kuwa ni kazi usiyo na bima nayo kabisa.

## Hatua ya 5: Sasa soma orodha ya visivyolipwa

Tumia rangi tatu. Nyekundu: halilipwi na hakuna wa kukuuzia. Manjano: halilipwi hapa lakini kuna bima nyingine. Kijani: linaweza kuongezwa kwa nyongeza.

### Nyekundu

Jinai na makusudi. Kumwumiza mtu kwa kukusudia, kughushi, kuidai SHA, bima ya afya ya serikali, pesa za huduma ambazo hazikutolewa. Bima ni ya makosa, si ya hila. Mfano mkubwa ni wa Uingereza: daktari wa upasuaji wa matiti Ian Paterson alifungwa mwaka 2017 kwa kuwapasua wagonjwa wasiohitaji kupasuliwa. Shirika lililokuwa likimkinga lilitumia hiari yake kujitoa, kwa kuwa alichofanya kilikuwa jinai. Mwaka huohuo ukaundwa mfuko wa pauni milioni 37 kwa wagonjwa wake, na Spire, kampuni ya hospitali binafsi alikokuwa akifanya kazi, ikatoa milioni 27.2 kati ya hizo. Mwenye kliniki asome mfano huo mara mbili: daktari akiwa ndani, wagonjwa humgeukia mwenye jengo.

Usichanganye hapa. Kenya, kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinagusa pia matibabu yanayotolewa kwa pupa au uzembe, kwa hiyo daktari anaweza kukamatwa bila kukusudia ubaya wowote. Mikataba mingine hulipa wakili wa kesi hiyo hadi hukumu itoke, kisha humdai arudishe akipatikana na hatia. Mingine hailipi hata siku ya kwanza. Hilo ni la kuuliza.

Unyanyasaji wa kingono kwa mgonjwa, na kazi iliyofanywa ukiwa umelewa pombe au dawa. Kliniki iulize swali la ziada: kama mfanyakazi ndiye aliyefanya na mwenye kliniki hakujua, je, mwenye kliniki analindwa? Baadhi husema ndiyo, kwa gharama za wakili tu.

Faini na adhabu. Za mahakama, za baraza, za serikali. Na fidia ile mahakama inayoiongeza ili kumtia adabu mkosaji, mikataba mingi huitenga.

### Manjano

Mgonjwa akiteleza kwenye sakafu iliyopigwa deki na kuvunja nyonga, hilo si kosa la kitabibu. Ni dhima kwa umma, bima nyingine. Muuguzi akijichoma sindano yenye damu, ni suala la mfanyakazi chini ya sheria ya fidia kwa walioumia kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, na mwajiri anatakiwa na sheria hiyo kuwa na bima yake. Ambulensi ikigonga bodaboda, ni bima ya gari. Jokofu la chanjo likiungua, ni bima ya mali. Mfanyakazi uliyemfukuza akikupeleka mahakama ya kazi, bima hii haimjui.

Taarifa za wagonjwa zinahitaji aya yake. Kompyuta ya mapokezi ikiibwa, au karani akituma majibu ya vipimo kwenye kundi lisilo lake la WhatsApp, utakuwa mbele ya ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya mwaka 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Bima ya makosa ya kitabibu mara nyingi huitenga hali hii, na ile faini yenyewe usitarajie ilipwe na bima yoyote.

### Kijani

Gharama za baraza la nidhamu nimeshazitaja. Ongeza hapa: nyaraka zilizopotea, kashfa ya maneno dhidi ya mgonjwa au mwenzako, majaribio ya dawa, maambukizi ya virusi vya ukimwi au homa ya ini yatokanayo na huduma yako, na msaada wa dharura unaoutoa barabarani ukiwa hauko kazini.

Ahadi ya matokeo naiweka peke yake kwa sababu imezagaa. Tangazo linalosema "tunakuondolea madoa kwa wiki mbili, usiporidhika tunarudisha pesa" ni mkataba. Usipotimiza, umevunja ahadi, na bima hulipa uzembe, si ahadi. Hata kurudisha ada uliyopokea hakulipwi. Kapitie ukurasa wenu wa Facebook leo, muyafute maneno ya uhakika kabla wakili wa mtu hajayapiga picha.

Utajua umefaulu kama hakuna mstari wa orodha uliobaki bila rangi.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya pesa

Andika namba tatu: kikomo kwa kila dai, kikomo kwa mwaka mzima, na eksesi, yaani sehemu unayolipa mwenyewe kwanza.

Eksesi ya "asilimia 10 ya dai, si chini ya shilingi 50,000" inasikika ndogo. Dai likiwa shilingi milioni 4, ni shilingi 400,000 kutoka mfukoni.

Kisha tafuta kama ada ya wakili iko ndani ya kikomo au juu yake. Kama iko ndani, kikomo cha milioni 5 na wakili aliyekula milioni 1.5 kinaacha milioni 3.5 kwa mgonjwa. Mahakama ikitoa milioni 5, zile milioni 1.5 za juu ni zako, na bado eksesi. Kama kikomo cha mwaka ni hichohicho milioni 5 na mnakitumia madaktari wanne, wa kwanza kushtakiwa ndiye hula. Wengine hubaki na cheti chenye muhuri.

## Hatua ya 7: Soma masharti, kisha uliza kwa maandishi

Masharti ni mambo unayotakiwa kuyafanya. Ukiyavunja, hata dai lililo halali kabisa linaweza kukataliwa. Makubwa ni manne: kuripoti mara moja, kutokukiri, kutokulipa wala kukubaliana bila idhini ya kampuni, na kutunza kumbukumbu za mgonjwa.

Ukishayasoma, mwandikie broka barua pepe moja yenye maswali haya. Yanakili kama yalivyo:

1. Tarehe yangu ya nyuma ni ipi, na kwa nini si siku ya bima yangu ya kwanza?
2. Je, ninaweza kuripoti tukio ambalo bado halijawa dai?
3. Huduma hizi (orodhesha) zote zimefunikwa? Nitajie isiyofunikwa.
4. Gharama za kesi ya nidhamu mbele ya baraza zinalipwa hadi kiasi gani?
5. Ada ya wakili iko ndani ya kikomo au nje?
6. Lokamu na madaktari wa kupita wamefunikwa kwa masharti gani?
7. Nikifunga kliniki, naweza kununua muda wa ziada wa miaka mingapi, kwa bei gani?

Tahadhari: "usijali daktari, umefunikwa" kwa simu si jibu. Broka akisema hivyo, mjibu kwa barua pepe: "Kama tulivyozungumza leo, umenithibitishia kwamba…" kisha uandike alichosema. Utashangaa jinsi jibu linavyobadilika. Kampuni ikikataa kujibu au ikikutesa na dai, mamlaka ya kusimamia bima, IRA, hupokea malalamiko ya wateja.

Utajua umefaulu ukipata majibu saba yaliyoandikwa. Kawaida mawili au matatu yatakuwa mabaya. Afadhali uyajue sasa.

## Hatua ya 8: Siku jambo linapotokea

Mgonjwa ameumia, au familia imekuja juu. Saa 24 za kwanza ndizo zinazoua bima nyingi, na kinachoziua ni malezi mema.

Sisi ni watu wa pole. Mtu akiumia chini ya mkono wako na usimwambie pole, wewe si mtu. Basi mwambie. Mweleze mgonjwa au familia yake kilichotokea kwa ukweli, kile unachokijua: "Pole sana mama, damu imetoka zaidi ya tulivyotarajia, tunampeleka hospitali kubwa, na daktari atamfuata." Hakuna mkataba wa akili timamu unaokukataza kumhurumia mgonjwa au kumweleza hali yake, na maadili ya kazi yanakutaka ufanye hivyo. Kinachokatazwa ni kujihukumu na kuahidi pesa: "Ni kosa langu, tutawalipa."

Na kuna kumalizana nyumbani. Wazee wanaitwa, chai inaandaliwa, familia inasema haitaki mambo ya mahakama, inataka tu gharama za mazishi na bili ifutwe. Kliniki inatoa shilingi 300,000, karatasi ya makubaliano inatiwa sahihi, watu wanapeana mikono. Miezi minane baadaye binamu aliyeko Nairobi anapata wakili. Ile karatasi ya wazee sasa ni ushahidi kwamba mlikiri, na kampuni ya bima inaonyesha sharti: mlikubaliana bila kutuambia. Umelipa mara moja, na sasa unalipa tena bila bima.

Simwambii mtu asikae na wazee. Nasema mpigie broka kabla hujakaa, uombe idhini ya maandishi ya kufuta bili au kusaidia mazishi kwa ubinadamu bila kukiri dhima. Kampuni yenye akili hukubali, maana kesi ni ghali kuliko jeneza.

Fuata mpangilio huu:

Kwanza mgonjwa. Mhudumie, mhamishe ikibidi, andika saa ya kila hatua.

Pili, funga faili. Toa nakala, asili iweke kabatini. Usiongeze neno, usifute neno, usiandike upya kwa mwandiko mzuri. Ukikumbuka kitu baadaye, kiandike kama maelezo mapya yenye tarehe na saa ya leo. Faili lililochezewa linaweza kuangusha kesi ambayo ungeishinda, na kampuni ikikugundua itakuacha hapohapo.

Tatu, ripoti kwa kampuni siku hiyohiyo kwa barua pepe, hata kama unadhani jambo litapoa. Andika mambo matupu: nani, lini, nini kilifanyika, hali ya mgonjwa sasa. Usiandike maoni juu ya nani alikosea.

Nne, wanyamazishe wafanyakazi kwenye makundi ya WhatsApp. Yule nesi anayeandika "jamani leo tumeua mtu" hajui kwamba ujumbe wake unaweza kusomwa kortini.

Tano, barua ya wakili ikija, usiijibu. Piga muhuri wa siku iliyopokelewa, ipige picha pamoja na bahasha, itume kwa kampuni kabla kliniki haijafungwa jioni. Kisha subiri namba ya dai. Mpaka namba hiyo iwe mkononi mwako kwa maandishi, hesabu kwamba hujaripoti, na kesho asubuhi mpigie tena.